Aliyelinywesha Zege

Watu wengi hudhani zege hukauka. Hata mimi, seremala niliyepigilia mbao za fomu, zile zinazolishikilia zege bichi, kwa miaka kumi na moja, nilidhani hivyo mpaka siku mama mkubwa aliponisuta akiwa anaanika nguo. "Kinachokauka ni hiki," alisema, akanirushia shati langu bichi usoni. "Zege linakua. Ukilinyima maji linadumaa." Nilijifuta uso nikalianika shati, maana kubishana na mama mkubwa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ni dada wa mama yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano, na yeye ndiye aliyekuja kunichukua, mkono mmoja umenishika mimi na mwingine umebeba kifurushi changu cha nguo. Sakafu ya nyumba yake ya vyumba viwili aliimwaga mwenyewe kwa karai. Kizingitini upo unyayo wangu wa mguu wa kushoto, vidole vitano na kisigino, kwa sababu niliambiwa nisikanyage nikakanyaga. Hakuufuta. Alisema zege likishakubali kitu, liache nacho.

Kazi yake ilikuwa kumwagilia zege. Ndiyo, ipo kazi kama hiyo, na ukicheka hutakuwa wa kwanza. Mafundi wana msemo wao: zege halilali. Likishachanganywa, saruji na mchanga na kokoto na maji, hakuna cha kesho. Limwagwe leo, hata kama migongo imekatika. Siku hiyo kiwanja chote ni kelele, mashine inasaga, makarai yanapokezanwa, kila mtu ni bosi wa mwenzake. Kisha wanaondoka. Asubuhi yake anabaki mwanamke mmoja mwenye mpira wa maji na rundo la magunia. "Wao hulimwaga," alikuwa akisema. "Mimi ndiye ninayelilaza." Alilifunika kwa magunia yaliyolowa, akalinywesha asubuhi, saa nne, saa nane, na jioni kabla geti halijafungwa, siku baada ya siku mpaka zitimie ishirini na nane. Akiweka kiganja juu ya zege la siku ya pili alisema lina homa. Nimejaribu mwenyewe, na kweli lina joto, kama paji la uso la mtoto anayeota jino.

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, alijilaza kwenye kivuli cha rundo la mbao, shavu juu ya gunia bichi. Hapo ndipo alipoota. Aliota yuko ndani ya zege, na ndani si giza kama tunavyodhani. Ni kama kuwa ndani ya wingu siku ya jua, weupe wa kijivu unaosogea polepole. Kokoto zimeketi, kila moja na jirani yake, na katikati yao vijisindano vidogo vinachipua, vinatafuta vya upande wa pili ili vishikane. Alisikia na sauti pia, tss, tss, kama ya mtu anayefyonza chai ya moto. Alinisimulia ndoto hiyo mara nyingi tangu utotoni, kiasi kwamba wakati mwingine niliamka asubuhi nikiwa nimeiota mimi.

Aina za zege alizijua zote, ila alizijua kwa kuzigawia watu. Kuna zege tupu, lisilo na nondo, lile la kutandikwa chini ya msingi. Ukiligandamiza hubeba chochote. Ukilivuta au kulipinda linakatika. Hilo alikuwa marehemu mume wake. Kuna zege la nondo, lenye chuma ndani kinachoshika pale zege lenyewe linapotaka kuachia. Hilo alikuwa mama yangu. Kuna la kiwandani, linaloletwa na lori likiwa limeshakomaa huko lilikotoka. "Hao ni wakwe zako," alisema. "Wamenyooka kila upande, na huna pa kugongea msumari." Kuna la madaraja, lenye nyaya ndani zilizovutwa kwa nguvu kabla gari lolote halijapita juu yake. Hilo alilionea huruma, kwa sababu linakaza meno hata likiwa limepumzika.

"Na mimi?" nilimwuliza, nikitarajia nondo.

Alinitazama juu mpaka chini. "Wewe, mwanangu, ni zege jepesi, lile lenye mapovu ndani. Si baya. Linazuia joto, linazuia kelele, wala halichoshi kulibeba. Ila usiliwekee paa." Alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka pia, halafu nikanuna wiki nzima.

Alinijua vizuri kuliko nilivyopenda. Alipopata kazi kwenye zahanati iliyokuwa inaongezewa jengo, ndiye aliyeniambia wanatafuta seremala. Asubuhi ya kuanza nilimngoja njiani, kwenye kona, mbali na geti.

"Mama mkubwa," nilisema, "kule kazini tusijuane."

Niliogopa utani. Nilishawasikia mafundi wakimwigiza anavyoziambia nguzo habari za asubuhi, na sikutaka kuitwa mtoto wa Mama wa Maji. Alirekebisha kitambaa chake kichwani. "Sawa, fundi," alisema. Tangu siku hiyo nikawa namwamkia kama wengine, "Shikamoo, Mama wa Maji," naye anajibu, "Marahaba, fundi," hata jicho lisimcheze. Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Yangu ilikuwa nyepesi. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jengo lile lilikuwa na maana kubwa kwake. Daktari mkuu wa zahanati alimwahidi kwamba likiisha atabaki pale kwenye usafi, kazi ya kudumu, yenye funguo zake mwenyewe. Funguo ndizo zilizomwingia moyoni. Maishani mwake alikuwa amenywesha majengo kumi na manne, na hakuna hata moja aliloliona likiwa limeshapakwa rangi. Walinzi humrudisha getini. Hili ataingia, na atakuwa yeye wa kuwafungulia wengine. Nyumbani alikuwa ameshagongomea msumari wa kuzitundikia funguo hizo, kando ya mlango. Nilikuwa naukuta jioni, mtupu, nao unang'aa.

Slabu ya jengo hilo, yaani dari lake la zege, ilimwagwa kwa mara mbili. Upande mmoja inafunika ukumbi wa kusubiria, upande wa pili chumba cha kujifungulia. Tarehe nne walimwaga nusu, saruji ikaisha. Nusu ya pili ikangoja mpaka tarehe kumi na tano. Siku hizo zote sikuwepo, kwa sababu mke wangu alikuwa amejifungua na hali yake haikuwa nzuri, nikawa namuuguza. Niliporudi, msimamizi wa zamani alikuwa amehamia kazi nyingine pamoja na wamwagaji wake na mafundi walioiona ikimwagwa, na simu yake kila ukipiga haipatikani. Daftari la kazi lilisema nusu ya kwanza tarehe nne, nusu ya pili tarehe kumi na tano. Halikusema ni nusu ipi, kwa kuwa yule bwana alikuwa ameandika tarehe kwa chaki kwenye boriti ya kila upande. Sasa tarehe hizo hazikuonekana. Mvua imezifuta, wakasema wote.

Msimamizi mpya alikuwa lile zege la madaraja, mtu wa kukaza meno. Siku yake ya kwanza alitangaza kwamba atakayebainika kuwa alizifuta ataondoka siku hiyohiyo. Mvua huwezi kuifukuza kazi, kwa hiyo yakaishia hapo.

Tarehe ishirini na tano, siku ishirini na moja tangu nusu ya kwanza imwagwe, alitaka mirunda, yaani nguzo za miti zinazoishikilia slabu kutoka chini. Ilihitajika kwingine. Alisimama katikati ya jengo, akatazama juu kulia, akatazama juu kushoto. "Upande wa kwanza kumwagwa ni huu wa chumba cha kujifungulia," alisema. "Nani angeanza kumwaga ukumbi? Fundi, ingia utoe."

Niliingia na nyundo. Mirunda huanziwa katikati, ukielekea pembeni. Chini ya kila mmoja kuna kabari, kipande cha mbao kilichochongwa kinachoubana. Niligonga ya kwanza, ikatoka kwa pigo moja. Ndipo nikamwona mama mkubwa anakuja mbio kutoka bombani, mpira wa maji unamfuata nyuma ukimwaga ovyo, kitu ambacho hakuwahi kukiruhusu.

"Msimamizi, hapo bado!" alisema. "Hapo ni pa tarehe kumi na tano. Pana siku kumi tu."

"Mama, wewe kazi yako maji. Hesabu tuachie sisi."

"Si hesabu. Nililinywesha mwenyewe, na niliiona tarehe."

"Uliiona wapi? Kwenye ndoto zako za saa saba?"

Mafundi wakaangua kicheko. Nami, chini ya slabu ile, nilicheka. Kidogo tu, kwa midomo, lakini nilicheka.

Mama mkubwa alikunja mpira maji yakakatika. "Mvua haikufuta tarehe," alisema. "Nimezifuta mimi, zote mbili."

Kicheko kikaisha. Msimamizi aliuliza kwa nini, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida.

"Niliambiwa nipitishe maji pembeni, nisiguse chaki. Nikapitisha pembeni siku nne. Siku ya tano nikaota boriti inaniambia, hapa nina kiu. Nikaamka nikaenda kutazama. Mahali pa ukubwa wa kiganja, peupe kabisa, na kote kumelowa. Nikashindwa kuvumilia. Nilisoma tarehe, kumi na tano, nikaitamka mara tatu nisiisahau, ndipo nikamwaga. Upande wa ukumbi ndio wa tarehe nne. Nao niliusoma."

"Unajua nilichosema juu ya aliyefuta tarehe."

"Najua."

"Na bado unaniambia."

"Aliye chini hapo ni mtoto wa mtu," alisema. Hakunitazama.

Nilisubiri mdomo wangu useme kitu. Kilikuwa kitu kifupi, maneno matatu au manne, na wote walikuwa kama wamenipisha. Sikusema. Msimamizi akaniamuru nirudishe kabari. Niliipachika palepale ilipokuwa, nikaigonga. Haikuingia. Nikaigonga tena. Nafasi niliyoitolea kwa pigo moja haikuwepo. Slabu ilikuwa imeshuka, unene wa ukucha, juu ya utosi wangu, kimya kimya. Msimamizi aliona. Alijifuta shingo kwa leso, akanivuta kwa mkono mpaka nje, na ilibidi tuichonge upya kabari ile iwe nyembamba ili mrunda ubane tena.

Hata hivyo, sheria yake hakuivunja. Mama mkubwa alipanga magunia, akafunga bomba, akaijaribu koki mara ya pili kuona haivuji. Akipita karibu yangu alisema, "Kazi njema, fundi." Nilijibu, "Asante, mama." Mama, kama unavyomwita mtu yeyote sokoni.

Kesho yake injinia alikuja na kinyundo chake cha kupimia, akaligonga zege mahali kumi na mbili, akaandika, akatikisa kichwa. Slabu ya chumba cha kujifungulia ilikuwa changa. Iachwe mpaka itimize siku ishirini na nane, akasema, na inyweshwe vizuri. Nilimwuliza ndani ya zege kukoje. Akaniambia ukilitazama changa kwa darubini za maabara utaona vijisindano vimechipua, vinashikana. Nilishika ukuta, nikamwambia nimekanyaga msumari.

Mpira wa maji nikapewa mimi. Siku kumi na nane nililinywesha zege lile, na jioni nilikwenda kwake kuomba radhi, naye hakunipa nafasi. Aliuliza tu, "Linakunywa?" Akanifundisha nisilichape kwa maji likiwa na jua kali, nianze na magunia, nilizoeshe. Kuhusu kuficha undugu wetu hakugusia. Kuhusu kazi ya usafi alisema imekwenda, daktari hampi funguo aliyefukuzwa, na maji yakimwagika hayazoleki. Jioni ya tatu nikaona kwenye ule msumari ametundika kitambaa cha kukaushia vyombo.

Mchana nilianza kujilaza kwenye magunia. Usingizi wa pale si kama wa nyumbani. Unalala, na bado unasikia bomba likidondosha tone, na nyundo za mbali, na harufu ya gunia bichi inakuwa nchi nzima. Niliota niko ndani ya wingu la kijivu, natembea taratibu kati ya kokoto zilizoketi, na kila moja ninaijua: mke wangu, mtoto wangu mchanga, mama yangu akiwa kijana. Mama mkubwa amekaa pembeni yao, na kati yake na wao vile vijisindano vimejaa, vimeshikana. Kati yake na mimi hakuna kitu, pamekauka, mahali pa ukubwa wa kiganja. Niliamka nikiwa nalia, na mafundi wakaniita Mama wa Maji Mdogo.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nane ya slabu ile nilifika kwake kabla ya chai. "Vaa twende."

"Wapi? Mlinzi atanirudisha."

"Vaa, mama mkubwa."

Mlinzi alimzuia kweli. Nilisema kwa sauti ambayo sikuijua, na mafundi waliokuwa juu ya ngazi wakageuka wote. "Huyu ni mama yangu mkubwa. Dada yake mama. Ndiye aliyenilea. Asipoingia, na mimi siingii, na hiyo mirunda ijitoe yenyewe."

Msimamizi alitoka ofisini. "Mama yako mkubwa? Tangu lini?"

"Tangu nina miaka mitano."

Aliniangalia, akamwangalia. Nadhani alikuwa anarudisha kichwani siku ile, na maneno yale juu ya mtoto wa mtu. Akamfungulia geti kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Shikamoo, mama," kwa mara ya kwanza tangu aje pale.

Nilimwambia asubiri nje. Akakataa. Aliingia chini ya slabu, akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, uso juu. "Ya siku ishirini na nane," alisema. "Utanitisha nayo nini?" Nikaanza kugonga, kutoka katikati kwenda pembeni, na kila mrunda ulipoanguka alitikisa kichwa kidogo kama anayehesabu. Wa mwisho ulipodondoka tulisikiliza sote. Slabu ilikaa palepale. Hapo mmoja juu ya ngazi akapaza sauti, "Fundi, kumbe wewe ulinyonyeshwa kwa mpira wa maji!" na kiwanja kizima kikacheka. Huo ndio utani nilioukimbia miezi yote ile. Haukuwa na uzito wowote.

"Mama mkubwa," nilimwambia tukitoka, "leo zege jepesi limebeba."

"Nondo haitiwi baada ya kumwaga," alisema. "Ukiiona leo, basi niliiweka zamani. Nilianza kudhani nimesahau."

Kazi ya usafi ilibaki kuwa ya mtu mwingine. Lakini milango ya jengo lile niliitengeneza mimi, na vitasa nikavitia mimi, kwa hiyo siku moja kabla ya kukabidhi, funguo zote zilikuwa mfukoni mwangu. Nikamleta. Rangi ilikuwa bado inanukia. Nilimpa shada zima la funguo, naye akafungua chumba kimoja kimoja, akaingia, akatazama dari, akatoka, akafunga, bila haraka, mpaka akafika cha kujifungulia. Humo aliomba kiti. Nilimshika kiuno akapanda, akanyoosha mkono mpaka kwenye boriti nyeupe, akaweka kiganja pale palipokuwa na chaki, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, na mimi nimemshika.

"Halina kiu," alisema.

Akashuka, akafunga mlango, akanirudishia funguo.